Bomba la moshi haliondoi moshi, linauhamisha

Fundi akishamaliza jiko la matofali na bomba likachomoza juu ya bati, mwenye nyumba huona suala la moshi limekwisha. Jikoni hali hubadilika kweli: macho hayawashi, ukuta haupati weusi mpya, mtoto aliye mgongoni hakohoi. Lakini simama Mwanga, Kigoma mjini, saa 12 asubuhi, au pita Kasulu mwezi wa Juni kabla jua halijawa kali, uone moshi ulivyotanda usawa wa mapaa. Hewa ya alfajiri ni ya baridi na nzito, haipandi. Moshi uliotoka kwako unaingia dirishani kwa jirani, wa jirani unaingia kwako, na wote wawili mna mabomba mazuri.

Kwa hiyo hapa naanza na moto. Bomba litafuata.

Kuni ikipata joto hutoa gesi kwanza, na miali unayoiona ni hizo gesi zinavyoungua. Ili ziungue zote panahitajika joto kali, nyuzi 600 hivi na kupanda, hewa ya kutosha, na nafasi kidogo ya miali kupanda kabla haijagusa sufuria baridi. Kimoja kikikosekana, gesi hutoka bila kuungua, zinapoa, zinageuka chembe na matone madogo ya lami. Huo ndio moshi. Ni kuni ulizonunua au kuzibeba kichwani zikakimbia bila kupika. Rangi yake inasema kasoro iko wapi. Moshi mweupe mwepesi dakika za mwanzo ni mvuke wa maji yaliyomo kwenye kuni. Wa kijivu au wa buluu, mzito, unaokwaruza koo, ni gesi zisizoungua. Mweusi ni mafuta, mpira au plastiki. Jiko lililokolea vizuri, bomba lake mtu akilitazama kutoka barabarani haoni kitu isipokuwa hewa inayotetema.

Sheria inasema nini

Nchi inayotajwa sana kwa sheria za moshi wa majumbani ni Uingereza. Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano, watu kwa maelfu wakafa, na mwaka 1956 ikatungwa Sheria ya Hewa Safi. Tangu hapo halmashauri zinaweza kutangaza eneo fulani kuwa la kudhibiti moshi. Katika eneo hilo bomba la nyumba haliruhusiwi kutoa moshi mwingi, na mwenye nyumba achome nishati iliyoidhinishwa au atumie jiko lililoidhinishwa. Siku hizi, England, anayekiuka anaweza kutozwa pauni 175 hadi 300. Kanuni ninayoipenda zaidi ni ya tarehe 1 Mei 2021: kuni zinazouzwa kwa kiasi kidogo, chini ya mita za ujazo 2, lazima ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Makaa ya mawe ya kawaida ya kupashia nyumba nayo yameondolewa sokoni, na yale ya kuuzwa bila kufungashwa yalikoma tarehe 1 Mei 2023. Tazama mpangilio wake: wanaikagua nishati dukani, wanalikagua jiko kiwandani, ndipo wanainua macho kutazama bomba.

Kwetu Tanzania sheria iliingilia mlango wa msituni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kanuni zake zinamtaka mvunaji na msafirishaji wa mkaa awe na leseni na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na mazao ya misitu hayasafirishwi usiku, kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007, ila macho yake yako zaidi kwenye viwanda na magari. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku, kama shule, magereza na vyuo, ziliagizwa ziachane na kuni na mkaa, tarehe za mwisho zikiwekwa 2024 na 2025. Halafu tarehe 8 Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Jiko la nyumbani linaguswa na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, kwenye sehemu inayohusu kero. Moshi unaomdhuru au kumsumbua jirani unaingia humo, na afisa afya ana uwezo wa kukuandikia notisi uuondoe. Pamoja na hiyo kuna sheria ndogo za kila halmashauri, ambazo hazifanani. Za Manispaa ya Kigoma Ujiji usidhani ndizo za Kasulu au Uvinza. Nenda ofisi ya kata ukaulize zilizo hai.

Kinachonikera ni jinsi matangazo yanavyoweka "kuni na mkaa" kwenye sentensi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Tanuru la kienyeji la udongo hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Chukua kilo 8: kuni hizo zikikauka zina megajuli kama 120, na kilo moja ya mkaa ina megajuli kama 29. Robo tatu ya nguvu ya mti imebaki porini ikiwa moshi na joto, kabla gunia halijafungwa. Anayepikia kuni kavu kwenye jiko banifu anaukata msitu kidogo kuliko anayepikia mkaa kwenye jiko la bati, hata kama wa pili ana sebule safi. Familia nyingi za mjini zinahama kuni kwenda mkaa zikiamini zimepiga hatua, wakati misitu ya miyombo inayoteketea Uvinza, Kakonko na ng'ambo kule Kaliua na Urambo, mkoani Tabora, ndiyo inayolipa. Tabora ina mzigo mwingine juu ya huo, mabani ya kukaushia tumbaku ya mvuke, ambayo nayo huwashwa kwa kuni.

Kuni kavu

Kuni iliyokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja yake inatoa megajuli kama 8, kwa sababu sehemu ya moto inatumika kuchemsha maji yaliyomo ndani yake yenyewe. Kilo moja yenye unyevu wa asilimia 20 inatoa kama 14. Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: mvuke unapooza kinywa cha jiko, gesi hazifikii joto la kuungua, zinatoka zikiwa moshi. Mpikaji anaongeza kuni, zinapunguza hewa, moshi unazidi.

Mvua zetu zinaanza Oktoba mwishoni au Novemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kuni za masika zinakatwa na kupasuliwa Mei na Juni. Neno la msingi hapo ni kupasuliwa. Maji hutoka upesi kwenye uso uliopasuka na kwenye ncha, na polepole mno kupitia gome. Gogo zima lililokaa uani kiangazi chote linaweza kuwa bichi katikati. Kata urefu wa sentimita 40 hadi 50, pasua mpaka unene wa kifundo cha mkono, sentimita 4 hadi 6. Kwa unene huo, kiangazi cha Kigoma kinakausha kuni nyingi za miombo kwa miezi mitatu hadi minne.

Zipange juu ya mawe au magogo mawili, sentimita 15 kutoka ardhini. Zikigusa udongo mchwa watazimaliza kabla ya mvua, na unyevu wa chini utapanda. Juu weka bati au nyasi, pande ziache wazi. Turubai la kufunika mpaka chini ni kosa ninaloliona mara nyingi: jua linapasha, maji yanatoka kwenye kuni, yanagonga turubai, yanarudi, na baada ya mwezi unakuta ukungu mweupe kwenye maganda. Rundo lenye upana wa kuni moja linakauka haraka kuliko rundo la mraba.

Kiasi kinapigiwa hesabu. Pima kwa mizani kuni unazotumia kwa siku saba, ugawe kwa saba. Tuseme umepata kilo 5 kwa siku. Miezi sita ya mvua ni siku 180, yaani kilo 900. Mita moja ya ujazo ya kuni za miombo zilizopangwa vizuri ni kama kilo 400 hadi 500, kwa hiyo unahitaji mita mbili za ujazo chini ya paa kufikia Oktoba. Ni rundo la urefu wa mita 4, kimo cha mita 1, upana wa nusu mita, ambalo linaenea ukutani mwa nyumba nyingi.

Ukitaka kujua unyevu bila kifaa, pasua kuni, kata kipande chembamba cha sentimita 2 kutoka katikati ya urefu wake, usikate kwenye ncha. Kipime kwa mizani ya jikoni. Kiweke kwenye sufuria yenye mchanga juu ya makaa hafifu, ukigeuze, upime kila baada ya saa moja mpaka uzito ugome kushuka. Kikianza kuwa cha kahawia moto umezidi, na kipimo kimeharibika. Gramu 200 zikishuka hadi 160, maji yalikuwa asilimia 20 na kuni yako ingekubaliwa hata kwenye duka la England. Zikishuka hadi 120, ni asilimia 40, irudishe kwenye rundo. Dalili za macho na masikio nazo zinasaidia: kuni kavu ina nyufa kama miale kwenye ncha, gome linabanduka lenyewe, na ukigonganisha mbili zinalia kwa sauti kali. Bichi hulia kwa sauti hafifu.

Aina ya mti haina uzito kama watu wanavyosema. Mtundu na miyombo hutoa makaa mazuri yanayodumu. Mkaratusi na mwembe huungua haraka zaidi, lakini mkavu wake unashinda mtundu mbichi kila siku. Matawi ya miembe yanayokatwa Ujiji kila mwaka kupunguza kivuli ni kuni halali kabisa, yakipasuliwa na kuachwa yakauke. Mnyaa usiuweke motoni hata kama ua limekatwa na miti imelala bure: utomvu wake ni mkali, na moshi wake unachoma macho.

Makapi ya mawese ni jambo la kwetu hasa. Baada ya kukamua, nyuzi za chikichi zinabaki na mafuta, zinashika moto upesi, na kiasi cha kujaa ngumi kinatosha kuwashia. Zikitumiwa kama kuni zenyewe hutoa moshi mweusi na kuziba bomba kwa muda mfupi. Maganda magumu ya kokwa, yanayobaki baada ya kupata mise, yaani kiini cha ndani, ni hadithi nyingine. Makavu yanaungua kwa joto kali na moshi kidogo, ila yanahitaji wavu na hewa kutoka chini, vinginevyo yanalala na kufuka.

Visivyochomwa jikoni ni hivi: chupa na mifuko ya plastiki, hata kipande kidogo cha kuwashia, mpira wa ndala na tairi, mbao zenye rangi au vanishi, ubao wa gundi, na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani au nyeusi. Nguzo za kijani mara nyingi zina arseniki, ambayo moto hauiangamizi. Sehemu inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu hayo ndiyo yanayomwagwa kwenye mchicha.

Jiko na vipimo vyake

Mafiga matatu yana tatizo moja kubwa: upepo unapoza miali kutoka pande zote. Jiko banifu linafunga pande hizo. Kinywa cha kuni, chumba cha moto na njia ya kutokea vinatakiwa kuwa na eneo linalolingana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chumba cha sentimita 11 kwa 11 kina sentimita za mraba 121. Bomba la inchi 5 lina kama 127, vinakwenda pamoja. Bomba la inchi 4 lina 81 tu; ukilitaka hilo kwa sababu ndilo lililopo, punguza chumba kiwe 9 kwa 9. Mafundi wengi wanajenga kinywa kikubwa cha sentimita 20 ili gogo zima liingie, kisha wanaweka bomba la inchi 3. Moshi unarudi kwa mpikaji, lawama inaangukia bomba.

Kutoka sakafu ya chumba hadi kitako cha sufuria acha sentimita 30 hivi, ili gesi zimalizie kuungua kabla ya kugusa chuma. Ndani ya kinywa weka kichanja cha bati nene au kigae, sentimita 4 kutoka chini. Kuni zinalala juu yake, hewa inapita chini yake na kufika kwenye makaa ikiwa imeshapata joto. Kichanja kisipokuwepo, kuni zinaziba njia ya hewa zenyewe. Kuzunguka sufuria acha mwanya wa sentimita 1 hadi 1.5. Ukipungua moto unakabwa, ukizidi joto linapita bila kugusa.

Ukuta wa chumba unatakiwa kuwa mwepesi. Tofali zito la kuchoma linameza joto la nusu saa ya kwanza, muda huohuo ambao moshi ni mwingi. Changanya ndoo moja ya udongo wa kichuguu uliochekechwa na ndoo moja ya pumba za mpunga au vumbi la mbao, ponda, finyanga matofali, kausha kivulini wiki mbili, kisha yachome. Pumba zinaungua ndani na kuacha matundu madogo yanayozuia joto kukimbia. Nafasi kati ya chumba na ukuta wa nje ijazwe majivu makavu. Jiko likikamilika lisiwashwe wiki mbili hadi tatu. Siku tatu za mwanzo washa moto wa vijiti tu, dakika 20, liache lipoe. Anayepika ugali wa sherehe siku ya kwanza anapata nyufa, na kila ufa ni mlango wa moshi. Nyufa ndogo zizibwe kwa udongo uliochanganywa na majivu, nusu kwa nusu.

Jiko la sufuria mbili linataka tundu la pili lifunikwe muda wote lisipotumika. Tundu wazi linavuta hewa baridi moja kwa moja kwenye bomba, na kinywa cha moto kinabaki bila mvuto.

Bomba lenyewe

Mita ya kwanza ijengwe kwa tofali au kigae. Bati lenye zinki halifai hapo: zinki inaanza kuharibika joto likipita nyuzi 200, na kwenye nyuzi 419 inayeyuka. Mvuke wake una sumu, na bati lililobaki linatoboka ndani ya misimu michache. Juu ya mita hiyo, moshi ukishapoa kidogo, bati la fundi linafaa.

Vipande vya bomba viunganishwe cha juu kikiingia ndani ya cha chini. Watu wengi hufanya kinyume, na lami inayochuruzika inatokea kwenye kiungo na kuchora mistari myeusi ukutani. Kona zisizidi mbili, na ziwe za nyuzi 45. Kona ya mraba ni mahali pa masizi kulala. Chini kabisa acha mlango wa kusafishia, wa kuingia mkono.

Pale linapopita darini, bomba la bati tupu likae sentimita 45 kutoka kwenye papi, kenchi, dari ya mbao au kitu chochote kinachoshika moto. Mara nyingi hiyo inamaanisha kukata papi moja na kuifunga upya pembeni, kazi ambayo fundi hataifanya asipoambiwa. Mbao iliyo karibu haiungui siku ya kwanza. Inakaushwa na kupashwa mwaka baada ya mwaka mpaka inaweza kushika moto kwa joto la chini kuliko mbao mpya, halafu siku moja inawaka wakati hakuna aliyekosea chochote. Nyumba ya nyasi usipitishe bomba kwenye paa lake kabisa. Jenga kibanda cha jiko cha bati, mbali na nyumba.

Juu ya paa bomba lipande angalau sentimita 90 kutoka pale linapotokea, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3: mgongo wa paa, ukuta wa jirani, tangi la maji. Likiwa chini ya mgongo wa paa, upepo wa mchana unaotoka ziwani unapanda paa upande mmoja na kushuka upande wa pili, na unaurudisha moshi ndani ya bomba. Kofia ya kuzuia mvua ikae juu ya mdomo kwa kimo kisichopungua kipenyo cha bomba, yaani inchi 5 kwa bomba la inchi 5. Kofia iliyobanwa chini ni kizibo.

Bomba baridi la asubuhi huwa limejaa hewa nzito, na moshi wa kwanza unarudi jikoni. Fungua mlango wa kusafishia, washa nyasi kavu au karatasi ndani yake kwa nusu dakika, ufunge, ndipo uwashe jiko. Na uwashe kwa vijiti vya unene wa kalamu, vingi, kabla ya kuni kubwa. Robo saa hiyo ya kuwasha inaweza kuwa na moshi mwingi kuliko kupika kote kunakofuata.

Masizi yatolewe kila wiki nne kwa anayechoma kuni kavu, na kila wiki mbili kwa anayechoma mbichi au makapi. Funga gunia la katani kwenye kamba, weka jiwe ndani, lishushe kutoka juu na kulivuta mara kadhaa, moto ukiwa umezimwa tangu jana. Ukiona tabaka limefika unene wa kalamu ya risasi, umechelewa. Tabaka jeusi linalong'aa kama lami ndilo linaloshika moto ndani ya bomba. Dalili yake ni mvumo kama wa upepo mkali na bati kuanza kuwa jekundu. Toa watu nje, ziba kinywa cha jiko na matundu yote kwa udongo wa maji ili hewa ikatike, mwagia maji paa na papi zilizo karibu. Maji ndani ya bomba usimwage. Yanageuka mvuke papo hapo, yanapasua tofali na kumuunguza aliyeyamwaga.

Mkaa ndani ya nyumba

Haya yaliyotangulia ni ya moshi unaoonekana. Manyovu na Heru Juu, kwenye miinuko ya mkoa wetu, usiku wa Juni na Julai, jiko la mkaa linaingizwa chumbani kupasha joto, na mkaa uliokolea hauna moshi. Una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Makaa yaliyofunikwa na majivu, yanayoonekana yamekufa, yanaendelea kuitoa kwa saa nyingi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na mtu aliyekuwa tayari amelala hapiti hatua hizo kwa kujua.

Hakuna kiwango salama cha dirisha la kuacha wazi kwa jiko la mkaa kwenye chumba cha kulala. Libaki nje. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi, mpeleke kituo cha afya hata akizinduka. Mjamzito apelekwe hata kama anasema yuko salama, kwa sababu mtoto tumboni anaathirika zaidi yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya laki mbili.

Gesi na umeme nitavipitia kwa haraka, maana mwenye uwezo wa kuvimudu asisubiri ushauri wangu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini. Paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira kila unapobadilisha mtungi, na usitumie kiberiti kutafuta uvujaji. Sufuria ya presha ya umeme inaivisha maharage ya Kigoma kwa chini ya uniti moja, yakilowekwa usiku kucha. Kuloweka huko kunapunguza kuni pia, na ni bure: maharage yaliyolala kwenye maji kwa muda wa saa nane yanaokoa sehemu kubwa ya muda wa moto. Maji ya kulowekea yamwagwe, na maharage yatokote sawasawa angalau dakika 10 kabla ya kuyahamishia kwenye kapu la kuhifadhia joto, ambamo chakula huendelea kuiva bila moto, hasa yale mekundu, kwa sababu yana sumu inayoondolewa na mchemko tu.

Moshi wa jirani

Anza kwa kwenda kwake wakati jiko halijawashwa, maana palipo na moshi machoni mazungumzo hayakai. Mara nyingi kasoro ni bomba fupi au kuni mbichi, na mita moja ya bati inamaliza ugomvi. Ikishindikana, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, kisha afisa afya wa kata. Usiende na neno "kila siku". Nenda na daftari la wiki mbili: tarehe, saa moshi ulipoanza na kuisha, rangi yake, harufu yake, upepo ulitoka wapi, nani ndani ya nyumba alikohoa. Moshi mweusi wenye harufu ya mpira na ule wa kijivu wa robo saa asubuhi ni kesi mbili tofauti, na afisa atataka kujua anakwenda kukagua kipi: anachochomea, au bomba lake lilivyo chini ya dirisha lako.